Mtoto wa miaka minne hataki kusalimia wageni: nimlazimishe au nimsubiri?

Mama Wawili ameuliza:

Wazazi na walezi wenzangu,

Nina watoto wawili, binti aliyetimiza miaka minne na miezi kadhaa, na mvulana wa miaka miwili. Tukiwa wenyewe nyumbani, binti yangu hanipi sababu kubwa ya kulalamika: akitaka kitu huomba, akipewa hushukuru mara nyingi bila kukumbushwa, na akimkanyaga mdogo wake humpa pole na kumpapasa mguu. Shida huanza mgeni anapoingia. Hapo hukimbilia nyuma yangu, hung'ang'ania nguo yangu kwa mikono miwili, na nikimwambia asalimie huinamisha kichwa na kufumba mdomo kana kwamba hajawahi kusema neno tangu azaliwe. Nikisisitiza, hulia; nikimwacha, naona macho ya wageni yakiniuliza haya ni malezi gani.

Kilichonifanya niandike ni jambo la wiki iliyopita. Ndugu yetu mmoja wa makamo alikuja kututembelea, akamletea binti yangu mwanasesere. Mtoto alifungua furushi, akamtazama yule mwanasesere, kisha akasema kwa sauti ya wazi, "Ninaye mwingine kama huyu." Nikamwuliza, kama tuulizavyo sote, "Unasemaje?" Naye, kwa utulivu kabisa, akanijibu, "Nasema ninaye mwingine kama huyu." Baadhi ya waliokuwapo walicheka, lakini yule mgeni hakucheka, na mmoja wa wakubwa alinong'ona, kwa mnong'ono uliosikika na kila mtu, kwamba mtoto huyu hakufunzwa. Niliona aibu. Nikamsimamisha mtoto mbele ya mgeni na kumwambia kwamba hataondoka hapo mpaka aseme asante. Ilichukua karibu robo saa. Mwishowe alilitamka neno hilo huku machozi na kamasi vikimtiririka, mgeni akasema basi, inatosha, na mimi tangu siku hiyo najiuliza ni nini hasa nilichomfundisha.

Naomba ushauri wa watu waliolea au waliofundisha watoto wa umri huu. Je, neno la adabu linalotolewa kwa kulazimishwa lina faida yoyote, au ni afadhali kusubiri mpaka mtoto alielewe na kulisema kwa hiari yake? Mtoto huanza lini kutambua kwamba maneno yake yanaweza kumuumiza mwenzake? Mume wangu anaamini kwamba namdekeza, na kwamba tukiendelea hivi, atakapofika umri wa kwenda shule tutakuwa tumechelewa. Samaki, anasema, hukunjwa angali mbichi. Siipingi methali hiyo, ila nilichokifanya siku ile hakikuwa kukunja, kilikaribia kuvunja.

Mwalimu wa Awali amejibu:

Mama Wawili, nimefundisha watoto wa miaka mitatu hadi sita kwa muda mrefu, na kisa chako nimekiona kwa sura nyingi. Kwanza ningependa tutenganishe mambo mawili uliyoyatia katika kapu moja. Kukataa kusalimia ni jambo moja, na kusema "ninaye mwingine" ni jambo jingine kabisa; chanzo chake si kimoja na dawa yake si moja.

Nianze na mwanasesere. Binti yako hakukusudia kumdharau mgeni. Alisema kweli, na bila shaka mmemfunza nyumbani kwamba kusema kweli ni vizuri. Alichokosa ni uwezo wa kuizuia kweli hiyo kwa ajili ya moyo wa mtu mwingine, na uwezo huo hauji mpaka mtoto ajue kwamba aliyo nayo yeye kichwani siyo aliyo nayo mwenzake: kwamba mgeni hakujua habari za mwanasesere wa kwanza, kwamba alikuja akitarajia kumfurahisha, na kwamba neno moja limeiondoa furaha hiyo. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto hadithi ya mtoto aliyeweka kitu mahali fulani, kisha kikahamishwa wakati hayupo, wakawauliza atakitafuta wapi atakaporudi. Watoto wa miaka mitatu kwa kawaida hujibu kwamba atakitafuta kilipo sasa, kana kwamba wanalolijua wao hujulikana na kila mtu. Ni kati ya miaka minne na mitano ndipo wengi huanza kujibu kwamba atakitafuta pale alipokiacha. Binti yako yuko kwenye kizingiti hicho hicho. Na hata akishakivuka, kuficha sikitiko ni kazi nyingine. Carolyn Saarni, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, aliwapa watoto wa shule ya msingi zawadi isiyowavutia ili aone nyuso zao zitasema nini, na wale wadogo zaidi, hasa wavulana, walishindwa kuficha kwamba hawakufurahi, ilhali wakubwa wao walijitahidi kutabasamu. Kwa hiyo tunamdai mtoto wa miaka minne deni ambalo hata aliyekwisha kuanza shule hulilipa kwa shida.

Sasa niseme juu ya swali lako, na uniwie radhi: jibu alilokupa binti yako lilikuwa sahihi. Umemwuliza anasemaje, naye amekwambia anavyosema. "Unasemaje?" ni kitendawili. Sisi wakubwa tunalijua jibu lake, lakini mtoto hulazimika kukisia ni neno gani, kati ya yote ayajuayo, linalotakiwa saa hiyo, mbele ya watu, huku mama yake amekaza uso. Mpe neno lenyewe: "Sema, asante kwa kunikumbuka." Asipolisema, liseme wewe kwa niaba yake, kwa uchangamfu na bila kumtupia jicho, mgeni alipokee, kisha mazungumzo yaendelee. Hapo mtoto atakuwa amelisikia neno mahali pake na kwa sauti yake, na hakuna aliyeaibika.

Wala usidhani kwamba ni wako peke yake anayengoja kusukumwa. Mwaka 1980 Esther Blank Greif na Jean Berko Gleason walichapisha uchunguzi wa watoto 22 wa miaka miwili hadi mitano, ambao kila mmoja, akiwa na mzazi wake, alikutanishwa na mtu aliyemsalimia, akampa zawadi, kisha akamwaga. Kati ya salamu, shukrani na kuaga, shukrani ndiyo iliyotoka kwa hiari mara chache zaidi, na ndiyo ambayo wazazi waliihimiza zaidi. Kumkumbusha mtoto, basi, si dalili kwamba malezi yamekushinda, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ambayo neno hupitia.

Kuhusu salamu, kazi kubwa hufanyika kabla mlango haujafunguliwa. Mwambie atakuja nani, atakaa wapi, na atamwuliza nini. Kisha mpe njia tatu za kusalimia achague mwenyewe: kwa maneno, kwa kupunga mkono, au kwa kusimama kando yako bila kujificha wakati wewe ukisalimia kwa niaba yenu wote. Anayechagua kusimama tu leo, usimwone kuwa ameshindwa. Darasani kwangu huwa natumia wanasesere wawili wa kuvaa mkononi, mmoja anabisha hodi na mwingine anapokea, na mtoto ambaye hawezi kumwangalia mtu usoni humsalimia mwanasesere bila taabu yoyote. Baadaye tunabadilishana nafasi. Watoto hupenda mno kuigiza mgeni asiye na adabu, na katika kuigiza huko ndipo hugundua kwamba sheria zote wanazijua.

Baba Mapacha amejibu:

Nimekubaliana na Mwalimu, lakini mimi nitazungumza juu ya sisi wenyewe, kwa sababu fundisho langu nililipata kwa aibu. Jioni moja nilichukua kipande cha karatasi, nikaamua kuchora mstari kila nilipowaamuru wanangu kufanya jambo bila neno lolote la ombi, na mstari mwingine, upande wa pili, kila nilipowaomba kwa adabu ileile ninayoitaka kwao. Kabla hawajalala nilikuwa na mistari 31 upande wa amri, na miwili upande wa maombi. Na mmoja katika hiyo miwili niliuchora kwa sababu nilikuwa nimeikumbuka karatasi.

Niliendelea kujichunguza siku zilizofuata. Niliwataka wapige hodi kwenye mlango wangu, huku mimi nikiingia kwao kama upepo. Niliwakaripia wakidakia maneno yangu, huku mimi nikikata hadithi zao katikati kwa sababu hadithi ya mtoto, kwa kweli, inaweza kuwa ndefu kuliko subira ya binadamu. Albert Bandura na wenzake walionyesha mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, kwamba watoto waliomwona mtu mzima akimpigapiga mwanasesere mkubwa walikwenda baadaye wakafanya vivyo hivyo, wakitumia hata maneno yaleyale aliyoyatamka. Mfano huo ni wa ukali, lakini sikio linaloyanasa maneno makali ndilo linalonasa na mengine yote.

Sasa najitahidi kuwaambia wanangu "tafadhali" na, nikiwafokea kwa kosa lisilo lao, kuwaomba radhi waziwazi. Nakiri kwamba jambo hili lina gharama yake. Mmoja wao aliwahi kunisahihisha mbele ya mkwe wangu kwamba sikusema tafadhali, na nililazimika kuirudia sentensi yangu tangu mwanzo.

Babu Mstaafu amejibu:

Wanangu, nimelea watoto watano, na sasa nasaidia kulea wajukuu. Nimesoma mliyoyaandika kwa heshima, na mengi nayakubali, ila nina hofu moja ambayo nisipoisema nitakuwa sikuwatendea haki: elimu hii ya kwamba mtoto bado hajaelewa tusije tukaigeuza godoro la kulalia.

Mama Wawili ameuliza kama ni afadhali kusubiri mpaka mtoto aelewe. Jibu langu ni hapana. Hakuna kati yenu aliyengoja mtoto aelewe habari za vijidudu ndipo amfundishe kunawa mikono. Vilevile katika lugha, neno hutangulia na maana hufuata nyuma polepole. Mtoto husema "jana" na "kesho" miezi mingi kabla ya kujua kesho ni lini, hata hutuambia kwamba kesho alianguka, nasi hatumwambii ayaache maneno hayo mpaka atakapoijua kalenda. Huyatumia, hukosea, tunamrekebisha, na siku moja tunakuta yamekaa sawa. Asante na samahani nazo ni hivyo hivyo.

Tena kuna upande ambao naona umesahauliwa katika mazungumzo haya, nao ni upande wa mgeni. Mgeni naye ana moyo. Aliyepita shida zake, akaja, akabisha hodi, anastahili kupokewa, na mtoto anayejifunza kwamba kutojisikia kwake kunaifuta haki ya mwenzake amejifunza jambo, tena jambo baya. Kwa hiyo mimi ningedai salamu. Ningedai kidogo, lakini ningedai kila siku, nyumbani kwetu na kwa watu, nikiwa nimechoka na nisipokuwa nimechoka, na ningehakikisha kwamba baba, mama na bibi hawana sheria tatu tofauti. Mtoto hutafuta mwanya kati ya wakubwa wake kama maji yatafutavyo ufa.

Hata hivyo, dada, kosa la siku ile unalijua mwenyewe, na ni vyema umelisema. Halikuwa kudai shukrani. Lilikuwa kudai mbele ya hadhira. Mtoto anayeonywa mbele ya watu halisikii onyo, huwasikia watu tu. Ungemwita kando baada ya mgeni kuondoka, ukampakata, ukamwuliza yule ndugu alijisikiaje, ungepata katika dakika mbili kile ambacho robo saa haikukupa.

La mwisho ni hizi zawadi za siku hizi. Nimeona nyumba ambamo mtoto hubandikiwa nyota ya karatasi kila aombapo radhi, na nimemwona mtoto huyohuyo akimsukuma mwenzake ili apate sababu ya kuomba radhi.

Mwalimu wa Awali amejibu:

Babu, shikilia hapo hapo kwenye nyota za karatasi, kwa maana ushahidi uko upande wako. Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha mwaka 2008 utafiti juu ya watoto wa miezi 20, umri ambao watoto wengi humwokotea mtu mzima kitu alichokiangusha bila hata kuombwa. Baadhi yao walitunukiwa kitu kila waliposaidia, wengine walisifiwa kwa maneno, na wengine hawakupewa chochote. Zawadi zilipokoma, waliozoea kutunukiwa walisaidia kidogo kuliko wenzao. Sifa za maneno hazikuwa na madhara hayo. Mimi darasani husema nilichokiona tu: "Umempisha mwenzako ili apate nafasi ya kukaa, naye ametabasamu." Sisemi kwamba wewe ni mtoto mzuri kuliko wote, kwa sababu mtoto aliyeambiwa hivyo asubuhi hubaki na wasiwasi mchana kutwa wa kukipoteza cheo chake.

Hoja yako ya jana na kesho nitaichukua, nami nitaitumia na wazazi wa wanafunzi wangu. Tunapotofautiana labda ni katika jambo moja dogo, yaani nini kitokee mtoto asipotoa salamu unayoidai. Wewe umesema udai kidogo kila siku, nami nakubali. Lakini kudai bila kikomo, kwamba hutoki hapa mpaka useme, humweka mtoto na mzazi katika vita ambavyo mmoja wao lazima ashindwe hadharani. Dai mara moja, kumbusha mara moja, kisha msalimie mgeni wewe na uendelee, ukijua kwamba kesho utadai tena. Mgeni atakuwa amepokewa, na mtoto atakuwa ameona kwamba salamu imetolewa bila kujali hofu yake.

Shangazi Mkimya amejibu:

Mimi nilikuwa mtoto huyo wa nyuma ya nguo ya mama, kwa hiyo naandika kutoka upande ambao haujasikika hapa. Nilizijua salamu zote. Usiku, kitandani, nilizifanyia mazoezi kimoyomoyo, na nilikuwa hodari. Lakini mtu mkubwa alipoinama juu yangu na uso wake ukakaribia, maneno yote yaliondoka kama ndege waliotupiwa jiwe, na kadiri watu walivyoningoja ndivyo koo lilivyozidi kukaza. Walioniona waliona kiburi, ilhali mimi nilikuwa nahangaika kupumua.

Haya na utovu wa adabu hufanana kwa mbali tu. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwafuatilia watoto tangu wakiwa na miezi minne, akaona kwamba takriban mmoja kati ya watano hurusharusha mikono na miguu na kulia anapokutanishwa na sauti au vitu asivyovizoea, na kwamba watoto hao ndio walioelekea zaidi, ingawa si wote, kuwa wenye hofu ya watu na mambo mapya walipokua. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kuachwa bila mafunzo. Babu amesema kweli kwamba mgeni ana haki yake. Anachohitaji mtoto ni muda. Mama Wawili, jaribu kumwacha mgeni aketi kwanza, aongee na wewe dakika kumi, ndipo umwite mtoto alete kitu kidogo na kumkabidhi mgeni mkononi. Salamu itakuja pamoja na kitu hicho, kwa sababu mikono ikiwa na kazi, ulimi huacha kujitazama. Pia wasihi wageni wasimvamie, wala wasimdai kumbatio; mtoto anaweza kuwa na adabu zote na bado mwili wake ukabaki wake. Na tafadhali usiwaambie wageni mbele yake, "Huyu ana haya." Mimi niliambiwa hivyo mara nyingi mpaka nikaona kwamba nikisalimia nitakuwa nawadanganya.

Kwa kuwa mmetaja kuomba radhi, niongeze jambo ambalo wazazi wengi huliruka. Tukisikia mtoto ametamka "samahani" tunafunga jalada. Lakini mwaka 2016 Marissa Drell na Vikram Jaswal walichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka sita na saba walijenga minara ya vikombe vya plastiki, mtu mzima akaiangusha kana kwamba kwa bahati mbaya. Walioombwa radhi tu hawakujisikia nafuu hasa kuliko ambao hawakuombwa, ingawa samahani ilisaidia kulinda uhusiano wao na yule mtu. Waliosaidiwa kuijenga upya ndio waliojisikia nafuu. Kwa hiyo binti yako anapomkanyaga mdogo wake na kumpapasa mguu, kama ulivyosimulia mwanzoni, anafanya lililo zito kuliko neno. Naona wakubwa wale walioketi sebuleni kwako siku ile hawakuwahi kuliona hilo.

Mama Wawili amejibu:

Nawashukuru nyote, na mume wangu amesoma pamoja nami, ingawa alipofika kwa Babu alisoma kwa sauti ya juu zaidi kuliko alivyosoma kwa wengine. Tumekubaliana kwamba sheria itakuwa moja kwetu sote, na kwamba onyo litatolewa faraghani. Shangazi, maneno yako juu ya koo kukaza yamenifanya nimwombe radhi binti yangu kwa siku ile. Alinisikiliza, akanijibu kwamba hata yeye hakumpenda yule mwanasesere, jambo ambalo, nadhani, ni msamaha kwa lugha yake.

Nina swali moja dogo lililobaki. Nikiongea na simu, au tukizungumza wakubwa, watoto wangu wote wawili hudakia kila baada ya sekunde kadhaa, na huyu mkubwa huita "mama, mama, mama" bila kupumzika mpaka nimgeukie kwa hasira. Nikimwambia asubiri, haelewi kusubiri ni hadi lini. Nifanyeje?

Baba Mapacha amejibu:

Sisi tulifundishwa na jirani mbinu isiyo na gharama. Mtoto akitaka kusema wakati unaongea, hasemi kitu. Anaweka mkono wake juu ya mkono wako. Wewe hukati mazungumzo, bali unaufunika mkono wake kwa kiganja chako, kumjulisha kwamba umemsikia na hujamsahau. Ukifika mahali pa kupumua, unamwambia mwenzako "niwie radhi kidogo," kisha unamgeukia mtoto.

Siri iko katika muda. Siku za mwanzo mgeukie baada ya pumzi mbili au tatu tu, kwa sababu mtoto anapima kama ahadi ya ule mkono ni ya kweli. Ukimwacha dakika tano siku ya kwanza, siku ya pili atarudi kwenye "mama, mama". Refusha polepole, wiki hadi wiki. Fanyeni mazoezi mkiwa peke yenu, mkijifanya mnaongea na simu. Na mweleze wazi kwamba kuna mambo yasiyongoja mkono: mtu ameumia, kitu kinaungua, au mdogo wake amepanda mahali asipopaswa. Wangu waliongeza hitaji la kwenda msalani, nami sikuwa na hoja ya kupinga.

Huyo wa miaka miwili bado ni mdogo mno kwa hili. Mpe kitu cha kushika na umpakate.

Mama Wawili amejibu:

Nimerudi baada ya siku kumi kuwapa habari. Mkono juu ya mkono unafanya kazi, isipokuwa kwamba sasa binti yangu huuweka mkono wake hata nikiwa kimya, ili aone kama nitaufunika.

Jana jioni alikuja rafiki yangu ambaye hajafika kwetu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemwandaa mtoto tangu mchana, tukaigiza mara tatu, naye mara zote tatu alichagua kuwa mgeni asiye na adabu, kama Mwalimu alivyotabiri. Hodi ilipobishwa, alichagua kusimama kando yangu, akasimama, akavumilia kwa muda, kisha akajibanza nyuma ya mlango. Sikumfuata. Nilimsalimia rafiki yangu kwa niaba yetu sote, na wakati huo mdogo wake, ambaye hakuna mtu aliyemfundisha lolote katika siku hizi kumi, akajitokeza katikati ya ukumbi, akanyoosha mikono na kumpazia mgeni sauti: "Asante!"

Kukawa kimya kidogo. Ndipo nyuma ya mlango tukasikia sauti ndogo, yenye uchovu wa mtu aliyekwisha kurudia jambo mara nyingi, ikimwambia, "Siyo asante. Sema karibu."